Siku ya Kutulia Kati ya Maskati na Sur, Oman: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wawili wanaofika Oman kwa ndege, wakakodi gari, na kutaka siku moja ya maji, miamba na mitende bila kukimbizana na ratiba. Unahusu pwani ya mashariki, kutoka Maskati hadi Sur. Saa zote ni za Kiswahili, kwa majira ya Oman, ambayo yametangulia Afrika Mashariki kwa saa moja.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini njia hii, badala ya milimani au jangwani?

Kwa sababu gari dogo la kawaida linatosha na lami haikatiki. Barabara Namba 17 inafuata pwani: ukitoka Maskati, bahari iko kushoto na milima ya Hajar Mashariki iko kulia, na vituo vyote vizuri viko dakika chache kutoka barabarani. Jebel Akhdar kuna kizuizi cha polisi kinachorudisha magari yasiyo ya 4x4. Mchanga wa Sharqiyah, ambao ni jangwa, unataka dereva anayejua kupunguza upepo wa matairi na kujinasua akikwama. Ni safari nzuri zote mbili, ila si za siku ya kupumzika.

2. Ni umbali gani?

Kutoka katikati ya Maskati hadi Shimo la Bimmah, shimo la asili lenye maji, ni takriban kilomita 130. Kutoka hapo hadi Wadi Shab, korongo lenye madimbwi ya kuogelea pembeni mwa mji mdogo wa Tiwi, ni dakika 20 hivi. Wadi Shab hadi Sur ni dakika 40 au zaidi kidogo. Maskati hadi Sur moja kwa moja ni kama kilomita 200, mwendo wa saa mbili na nusu bila kusimama.

3. Tutembelee vituo vingapi kwa siku moja?

Viwili. Ratiba nyingi zinabandika vitano: bwawa la Wadi Dayqah, Bimmah, fukwe za Fins, Wadi Shab, Sur, kisha kutazama kasa usiku. Vyote vinawezekana kwenye karatasi, lakini mtashinda mkivaa na kuvua viatu vyenye maji, na mtafika korongoni jua likiwa utosini, pamoja na watu wote wa mabasi ya utalii.

Mpango unaofaa ni huu: ondokeni Maskati saa 12 asubuhi, mfike Wadi Shab kabla ya saa 2, mtoke korongoni kabla ya saa 7 mchana, mle bila haraka, kisha alasiri mpumzike Bimmah mkiwa njiani kurudi. Kama mnalala Sur, geuzeni: Wadi Shab asubuhi, Sur jioni, na Bimmah muiache kwa kesho yake. Kituo cha tatu kiwe cha ziada, cha kuamua papo hapo mkiwa bado mna nguvu.

4. Msimu gani unafaa?

Oktoba hadi Aprili. Desemba na Januari mchana huwa nyuzi 25 hivi na maji ya wadi yana ubaridi unaovumilika. Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na matembezi ya dakika 45 kati ya kuta za mawe yanageuka hatari hata kwa kijana mwenye afya. Wengi husikia habari za manyunyu na ukijani wa Oman wakati wa kiangazi. Hiyo ni Salalah, kusini kabisa, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa.

Kumbukeni pia urefu wa mchana. Desemba jua huzama karibu saa 11 na dakika 20 jioni, kwa hiyo atakayeingia Wadi Shab saa 9 alasiri atarudi gizani.

5. Tunahitaji nyaraka gani?

Pasipoti, viza ya mtandaoni inayoombwa kwenye tovuti ya Polisi ya Oman (angalieni kwanza masharti ya uraia wenu, kwa sababu baadhi ya nchi zimesamehewa kwa safari fupi), na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama mnatoka Afrika Mashariki. Oman Air husafiri kati ya Maskati na Dar es Salaam na Zanzibar. Soketi za umeme ni zile zile za pini tatu bapa za Kenya na Tanzania, hivyo chaja haihitaji adapta.

## Gari na barabara

6. Leseni ya nyumbani inakubalika?

Bebeni leseni ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hutolewa na vyama vya magari, AA kwa Kenya na AAT kwa Tanzania, na ni lazima kichukuliwe kabla ya kusafiri, kwa kuwa hakitolewi ugenini. Kampuni nyingi za kukodisha magari hukiulizia, na bima ikija kupekua ajali hukiulizia zaidi.

7. Tuangalie nini tunapokodi gari?

Kwanza, kadi ya benki. Kampuni nyingi huzuia dhamana kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kadi ya kawaida ya akaunti hukataliwa mara nyingi. Ulizeni kabla ya kulipia.

Pili, majina ya madereva. Kama mtapokezana usukani, majina yote mawili yawe kwenye mkataba. Mkiacha jina la mmoja ili kuokoa rial chache, akipata ajali akiwa anaendesha, bima haitalipa kitu.

Tatu, kikomo cha kilomita. Mikataba mingi ina kikomo kwa siku, kwa kawaida kilomita 200 hadi 250, na safari ya kwenda Sur na kurudi inafika 400. Ombeni mkataba usio na kikomo, au muulize bei ya kila kilomita inayozidi.

Nne, tairi la akiba, jeki na spana ya nati. Fungueni buti mkiwa bado kwenye ofisi yao mvione kwa macho. Kisha mzunguke gari lote mkipiga video, pamoja na rimu na kioo cha mbele, ambako mikwaruzo ya zamani hujificha.

8. Tumezoea kuendesha kushoto. Oman ni kulia. Tutaweza?

Mtaweza, na barabara kuu ndiyo rahisi. Matatizo hutokea pale gari linapoanza upya: mnapotoka kituo cha mafuta, mnapotoka maegesho matupu, na mnapokata kushoto kuingia barabara ndogo. Hapo akili hurudi ilikozoea. Dawa ni msaidizi wa dereva kusema kwa sauti, kila mara, "kulia, kaa kulia", bila kungoja kosa.

Kwenye kipilefti magari huzunguka kinyume cha saa na mnawapisha wanaotoka kushoto kwenu. Ndani ya gari, indiketa iko mkono wa kushoto na waipa kulia, kinyume cha magari ya Kijapani tuliyoyazoea, hivyo saa ya kwanza mtafuta kioo kila mnapotaka kukata kona. Gari huelekea pia kuvutwa upande wa kulia wa njia kwa sababu dereva amekaa kushoto. Aliye kiti cha abiria ndiye anayeona kingo, na amwambie mwenzake mapema.

9. Mwendo, mafuta na ngamia vikoje?

Kikomo cha barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa, na kamera ni nyingi. Faini huja kwa kampuni ya gari na hukatwa kwenye kadi yenu hata mkiwa mmesharudi nyumbani. Jazeni mafuta Maskati au Quriyat, mji ulio njiani, msitegemee vituo vya mbele. Magari mengi ya kukodi hutumia petroli ya M91 au M95. Soma kifuniko cha tangi.

Ngamia na mbuzi huvuka barabara wakati wowote, lakini usiku ndipo panapoua. Ngamia ana miguu mirefu: gari likimgonga, mwili wake huangukia kioo cha mbele na paa. Panga urudi Maskati kabla giza halijaingia sana, au lala Sur.

## Wadi Shab

10. Wadi Shab ni nini hasa, na tunaanzia wapi?

Wadi ni bonde la mto unaofurika mvua ikinyesha na kukauka baadaye, ila Wadi Shab ina chemchemi zinazobakiza maji mwaka mzima. Kuta za chokaa zimeinuka pande mbili, chini kuna mitende, migomba na vidimbwi vya rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu.

Maegesho yako chini kabisa ya daraja kubwa la barabara kuu. Kuna vyoo hapo, mbele havipo. Boti ndogo hukuvusha hadi ng'ambo kwa rial 1 kwa mtu, kwenda na kurudi, na safari yenyewe ni ya dakika moja au mbili. Bebeni noti ndogo. Muulizeni mwenye boti saa ya safari ya mwisho kabla hamjashuka, kwa sababu hubadilika kwa msimu na kwa kawaida ni alasiri, si usiku. Mkichelewa, kurudi kwake ni kuogelea na mizigo.

11. Njia ya miguu ni ngumu kiasi gani?

Ni dakika 40 hadi 45 kwa mwendo wa kawaida. Mwanzo ni tambarare, kupitia mashamba. Kisha njia hupanda kidogo kwenye mwamba na kufuata ukingo, sehemu nyingine kandokando ya mfereji wa falaj, yaani mfereji wa jadi wa kugawia maji mashambani. Mfumo huu ni wa zamani na wa heshima kubwa nchini. Mifereji mitano ya Oman iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Msikanyage kingo zake wala kunawia miguu humo, maji yale yanakwenda kwa mwenye shamba.

Kinachowaangusha watu ni mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na maelfu ya nyayo hadi yakang'aa. Yakiwa makavu yanateleza kidogo, yakiwa na maji yanateleza kama sabuni. Ndala na kandambili hazifai. Vaeni sandali zenye mkanda wa kisigino na soli ya mpira yenye meno, au raba kuukuu mtakazoingia nazo majini.

12. Ile sehemu ya kuogelea hadi pangoni ikoje?

Njia ya miguu inaishia kwenye dimbwi la kwanza. Kuanzia hapo ni maji: madimbwi matatu hivi yanayofuatana, mengine ya kutembea maji yakiwa kifuani, mengine ya kina ambacho mguu haugusi chini. Katikati kuna mawe ya kupumzikia. Kwa mwogeleaji wa kawaida ni dakika 15 hadi 20.

Mwishoni kuta mbili za mwamba zinakaribiana hadi kubaki ufa mwembamba. Kati ya maji na mwamba wa juu panabaki nafasi ya kichwa tu. Unageuza uso juu, unashika mwamba kwa vidole, unajivuta polepole mita chache, kisha unatokea ndani ya pango lenye maporomoko ya maji na mwanga unaoshuka kutoka juu. Maji yakiwa yameongezeka nafasi ile huzibwa na ufa hupitika kwa kupiga mbizi tu. Ikiwa hivyo, rudini. Msijaribu kubahatisha urefu wa mbizi ambao hamuuoni mwisho wake.

Pangoni watu hupanda kwa kamba na kuruka kutoka juu. Kina hubadilika baada ya kila mafuriko kwa sababu maji huburuta mawe, hivyo kuona mtu akiruka kwenye video ya mwaka jana hakukuambii chochote kuhusu leo.

13. Mmoja wetu hajui kuogelea. Tuache kwenda?

Hapana. Nusu nzuri ya Wadi Shab ni kwa miguu, na dimbwi la kwanza lina pembe ya kina kifupi ya kukaa na kuzamisha miguu. Lakini asiyejua kuogelea asiingie madimbwi ya mbele kwa kushikwa mkono na mwenzake. Watu wamezama hapa. Anayeanza kuzama humng'ang'ania aliye karibu, wakashuka wote wawili, na korongoni hakuna mlinzi wa waogeleaji.

Nunueni jaketi la kuokolea huko Maskati, la saizi yake, lenye mikanda inayopita mapajani ili lisimpande shingoni. Hata akiwa nalo, ukomo uwe dimbwi la pili na mwenzake aogelee nyuma yake, si mbele. Na kama mmoja anataka sana kufika pangoni, aende na kundi jingine lililopo hapo, mwenzake abaki na mizigo kivulini, wakiwa wamekubaliana saa ya kurudi. Simu hazishiki mtandao ndani ya korongo, kwa hiyo makubaliano ya mdomo ndiyo mawasiliano yenu.

14. Tuvae nini majini?

Mabango yanaomba mavazi ya staha na wenyeji wanayafuata. Mwanamume: kaptura inayofunika magoti na fulana. Mwanamke: fulana na suruali ya kubana inayokauka haraka, au vazi la kuogelea la mwili mzima. Pamba nzito haifai, hunywa maji na kukuvuta chini. Kanga mbili au kikoi havina uzito begini na vinatosha kwa kujifuta, kubadilishia nguo na kutandika.

15. Begi liwe na nini?

Maji lita 2 kwa kila mmoja wakati wa baridi, lita 3 kuanzia Aprili. Kofia. Tende, karanga na chumvi kidogo. Mfuko usioingiza maji wa lita 10 wenye mdomo wa kukunja mara tatu, kwa simu, pasipoti na pesa. Ujazeni hewa kidogo kabla ya kufunga, ili uelee. Plasta na kitambaa cha kufunga kifundo cha mguu. Tochi ndogo hata kama ni asubuhi.

Chakula kifungwe. Mbuzi wa pale wamezoea wageni na hufungua zipu kwa midomo.

16. Funguo za gari tuziweke wapi?

Swali hili linastahili nafasi yake, maana huharibu siku nyingi kuliko majeraha. Funguo za magari ya sasa zina saketi ya umeme, na zikikaa mfukoni mwa kaptura majini gari halifunguki wala haliwaki. Wekeni kwenye mfuko mdogo wa plastiki wa kubana, ndani ya ule mfuko wa swali la 15, na mfuko huo usiachwe juu ya jiwe mkaenda pangoni.

Zikilowa: tafuteni kibonyezo kidogo ubavuni mwa rimoti, ndani yake nyingi zina ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe, gusisheni rimoti kwenye kitufe chenyewe huku mmekanyaga breki. Magari mengi husoma rimoti iliyokufa betri kwa njia hiyo. Ikishindikana, pigieni kampuni ya gari mkiwa maegeshoni, ambako mtandao upo.

## Vituo vingine njiani

17. Shimo la Bimmah lina nini?

Ni shimo kubwa lililobomoka ardhini, karibu na kijiji cha Dibab, ndani ya bustani ndogo ya Hawiyat Najm. Upana wake ni kama mita 50 kwa 70. Wenyeji husimulia kwamba nyota ilidondoka hapo; kijiolojia, maji yaliyeyusha mwamba wa chokaa kwa chini hadi dari ikaanguka. Kiingilio ni bure, ngazi za zege zinashuka hadi majini, na juu kuna vivuli na vyoo.

Maji ni mchanganyiko wa maji ya chumvi na maji matamu. Ukikaa ngazi ya chini na kutulia, samaki wadogo huja kunyonyoa ngozi iliyokufa miguuni. Mguu ukitikiswa hukimbia, ukitulizwa hurudi wengi zaidi. Kwa wawili waliochoka na korongo hii ndiyo alasiri inayofaa. Msiruke kutoka juu: kingo zina mawe yaliyojificha chini ya maji.

18. Wadi Tiwi ni mbadala mzuri?

Ndiyo, hasa kwa asiyeweza kutembea sana. Iko jirani na Wadi Shab na gari huingia ndani kupitia vijiji, mashamba ya ndizi na mitende. Barabara ni nyembamba kiasi cha gari moja, na kona zake ni za kupiga honi. Gari dogo liishie vijiji vya mwanzo. Mbele kuelekea Mibam mwinuko ni mkali na panahitaji 4x4. Hizi ni nyumba za watu: mwendo wa miguu, kioo chini, salamu kwanza.

19. Sur pana nini kwa jioni moja?

Bandari, na kwa msomaji wa Kiswahili zaidi ya bandari. Majahazi ya Sur yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakapanda na kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko zilizoezekea nyumba za Oman. Jahazi la Fatah al Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, limehifadhiwa nchi kavu na linaonekana lote, kuanzia tezi yenye nakshi hadi omo. Karibu yake kuna karakana ya majahazi. Baada ya hapo vukeni daraja hadi Al Ayjah mkatembee kwa miguu kuelekea mnara wa taa wakati jua linashuka.

Kabla ya kufika Sur mtapita Qalhat, mji wa kale ambao Ibn Battuta aliufikia baada ya kupita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kilichobaki kinachosimama ni kaburi la Bibi Maryam, lililoporomoka kuba. Mahali hapa ni urithi wa UNESCO tangu 2018 na uzio hufungwa nyakati za ukarabati, kwa hiyo msiupange kama kituo kikuu.

20. Na kasa wa Ras al Jinz?

Ni usiku mwingine, msiuchanganye na siku hii kama mnarudi Maskati. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1996, iko zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka Sur, na kuona kasa wakitaga ni kwa kuongozwa tu: kundi moja usiku, jingine kabla ya alfajiri. Wekeni nafasi mapema. Kasa wa kijani hutaga mwaka mzima, wengi zaidi kati ya Juni na Septemba. Hakuna mwanga wa kamera, hakuna tochi ya simu. Kasa aliyeshtuliwa hurudi baharini na mayai yake.

## Chakula, adabu na pesa

21. Tutakula wapi?

Tiwi kuna mikahawa midogo ya wali, samaki wa kukaanga na mkate. Sur kuna uchaguzi mpana. Jioni, kando ya barabara huwa kuna wanaochoma mishikaki kwenye mkaa, na ni chakula salama kwa kuwa kinatoka motoni mbele yenu. Kwa asubuhi, nunueni chapati na chai ya maziwa kwenye kituo cha mafuta. Vituo vingi vina pia chumba cha kusalia.

22. Tunaweza kushikana mikono?

Kushikana mikono hakumshtui mtu. Kukumbatiana na kubusiana hadharani kunakera na kunaweza kuwaletea polisi. Pombe haibebwi kwenye madimbwi wala ufukweni. Msipige picha wanawake na familia za wenyeji wanaojipumzisha. Kama wamo kwenye fremu, ngojeni wapite. Bebeni nakala ya cheti cha ndoa kwenye simu kama mnacho: huulizwa kwa nadra, na kikiulizwa huokoa muda.

23. Kiswahili kitatusaidia?

Wakati mwingine, na kwa furaha kubwa. Familia nyingi zilizoishi Zanzibar zilirudi Oman baada ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Wazee wao na baadhi ya vijana wanazungumza Kiswahili cha Unguja hadi leo, hasa Maskati na upande wa Sharqiyah. Kwenye boti na mikahawa, hata hivyo, Kiarabu na Kiingereza ndivyo vya uhakika.

24. Siku nzima inagharimu kiasi gani?

Boti kwa wawili ni rial 2. Bimmah ni bure. Kilomita 400 kwa gari linalokunywa lita 8 kwa kila 100 ni lita 32, na kwa bei ya baisa 230 hadi 240 kwa lita ni kati ya rial 7 na 8. Rial 1 ni baisa 1,000, na ni takriban dola 2.6 za Marekani. Ukiondoa gari na chakula, ni siku ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani kuhusu Ghuba.

## Hali zisizo za kawaida

25. Utabiri unasema mvua milimani, lakini pwani ni jua. Twende?

Msiende korongoni. Hili ndilo jibu muhimu kuliko yote hapa.

Mvua ikinyesha Hajar, mwamba hauinyonyi. Maji yote hukusanyika na kushuka kupitia mabonde yale yale mnayotembelea, na yanaweza kufika mahali ambapo tone halijadondoka. Kutoka dimbwi tulivu hadi ukuta wa tope, magogo na mawe ni dakika chache. Aprili 2024 mafuriko ya aina hii huko Sharqiyah Kaskazini yaliua watu, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari. Pwani hii pia hupata vimbunga vya Bahari ya Arabu, vinavyotokea zaidi Mei–Juni na Oktoba–Novemba. Gonu ya Juni 2007 iliharibu vibaya barabara ya Maskati–Sur.

Mkiwa tayari ndani, dalili ni hizi: maji safi kuanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani kuelea kwa wingi, upepo wa baridi wa ghafla, ngurumo isiyokoma kutoka juu ya bonde. Mkiona mojawapo, pandeni juu upande mliopo. Msikimbilie kwenye boti, maana mtakuwa mnakimbia ndani ya mkondo wenyewe, na msivuke kwenda ng'ambo kufuata mizigo. Kaeni juu hadi maji yashuke, hata kama ni saa kadhaa.

Barabarani, pale maji yanapopita juu ya lami, simameni. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuinua gari dogo, na 60 hubeba karibu gari lolote. Kumwona mwenyeji akivuka na Land Cruiser si ruhusa. Sheria ya Oman humwadhibu dereva anayeingiza gari kwenye wadi inayotiririka, kwa faini na hata kifungo. Namba ya dharura ni 9999.

Siku kama hiyo haijapotea. Sur yote iko wazi (swali la 19).

26. Siku yetu imeangukia Ijumaa. Au Ramadhani.

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko nchini, na Wadi Shab hujaa familia. Jumapili hadi Jumatano ni bora. Ikibidi Ijumaa, fikeni mapema kuliko swali la 3 linavyosema, na mjue kwamba maduka hufungwa kuelekea swala ya adhuhuri. Ramadhani, kula na kunywa hadharani mchana hakuruhusiwi hata kwa asiyefunga, na kutembea korongoni bila maji si salama. Chagueni Bimmah alasiri, kisha futari Sur.

27. Mke ni mjamzito. Kuna sehemu salama?

Wadi Shab aiache, kwa sababu ya kuteleza kuliko kwa sababu ya maji. Bimmah ina ngazi zenye vishikio, ashuke taratibu. Bwawa la Wadi Dayqah karibu na Quriyat lina bustani, vivuli na vyoo, na kuogelea hakuruhusiwi, kwa hiyo hakuna kishawishi.

28. Gari likipata pancha?

Sogeeni nje kabisa ya mstari wa kulia, washeni taa za tahadhari, na asiye na kazi asimame nyuma ya reli ya barabara. Legezeni nati kabla ya kuinua jeki, si baada. Tairi dogo la akiba lisizidi kilomita 80 kwa saa. Ajali yoyote, hata ya mkwaruzo, inahitaji ripoti ili bima ilipe. Pigieni kampuni ya gari kabla ya kukubaliana chochote na dereva mwingine.

29. Tunaweza kurusha droni?

Si bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Oman. Droni isiyo na kibali inaweza kuzuiwa tangu uwanja wa ndege, kwa hiyo kama hamna kibali iacheni nyumbani.

30. Tukitaka kulala kwenye hema?

Fukwe za kokoto nyeupe za Fins, kati ya Bimmah na Tiwi, ndizo zinazopendwa. Hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, na kipande cha mwisho kutoka lami ni changarawe. Pigeni hema juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji kujaa, mbali na mdomo wa wadi yoyote, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 25. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye kokoto. Fungeni kamba kwenye mawe makubwa au mifuko iliyojazwa changarawe. Takataka zote zirudi kwenye buti hadi mjini.